Jina Langu Lilifika Uthiru Kabla Yangu

Tangu nirudi mmeniuliza mara nyingi, wengine kwenye mashine ya kusaga mahindi, wengine mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, na kila mara nimejibu kwamba Nairobi ni mbali na mvua ilikuwa kubwa. Hilo si jibu. Mliniona nikiondoka na hasira, mkaniona nikirudi bila hasira, na mnataka kujua imeishia wapi. Basi nimeketi niandike yote mara moja, kwa sababu nikiyasimulia kwa mdomo mara ishirini, kila mara nitajipendelea kidogo zaidi.

Chanzo mnakijua nusu. Binti wa jirani alirudi kutoka Nairobi akaniambia Enos, kitinda mimba wangu aliye fundi wa lifti huko, amepata mtoto wa kiume, na wanamwita Kisia. Kisia ni mimi. Akasema Jumapili inayofuata mtoto atawekwa wakfu kanisani kwao Uthiru, na jina litatangazwa mbele ya watu wote.

Kwetu Maragoli hamhitaji kuelezwa, lakini kwa yeyote mwingine atakayesoma: sisi mtoto tunampa jina la mtu aliyekwisha kuzikwa. Jina la aliye hai haliguswi. Ukimpa mtoto jina la mzee ambaye bado anatembea, umemwonyesha mahali pa kuchimbia kaburi lake. Kwa hiyo nilielewa kwamba mwanangu amenizika, na Jumapili atatangaza matanga. Nikaamua kufika kabla ya Jumapili nimzuie.

Sababu ya kunizika alikuwa nayo. Miaka minne iliyopita alimleta nyumbani Njeri, msichana wa Uthiru, ili tumjue. Walikuwa wameokoka wote wawili na walikuwa wanapanga harusi ya kanisani. Lakini Njeri alikuwa mjamzito tayari, na mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Ningeweza kuwaita sebuleni nikazungumza nao. Jumapili ile nilisimama na kitabu cha matangazo, nikasoma jina la mwanangu miongoni mwa waliotengwa, kisha nikamwonyesha Njeri, mgeni wa watu, kwa kidole, akae benchi la nyuma karibu na mlango. Wengi wenu mlikuwapo. Wengine mlinipa mkono baadaye mkasema nina msimamo. Mama Enos hakunipa chakula siku ile.

Wiki tatu baadaye mimba ile ilitoka. Mama Enos aliponiambia nilisema, "Mungu ameona." Alinitazama mpaka nikatoka nje. Harusi ilifungwa Uthiru. Mama Enos alienda, mimi sikwenda. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akafa. Enos alikuja kumzika, akashika jembe, akatupa udongo, akaondoka kabla chai haijaiva.

Sikumpigia simu kumwambia kwamba ninakuja. Niliogopa atasema nisije.

Mbale hadi Londiani

Basi letu liliondoka alfajiri ya Alhamisi. Nilikuwa na kofia yangu, nguo za Jumapili na gunia dogo la njugu mawe. Karibu nami aliketi mama mmoja mnene mwenye kicheko, akienda kumwona bintiye aliyejifungua. Alikuwa na mizigo minne na alitaka niishike miwili.

Karibu na Londiani injini ilipiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa, basi likasimama. Mshipi umekatika, akasema dereva. Mwingine unaletwa kutoka Nakuru. Tulikaa kando ya barabara kuanzia saa tano hadi jioni, katika baridi ile ya milimani, na watu waliokuwa hawasalimiani asubuhi wakaanza kugawana mahindi ya kuchoma. Mama yule akaniuliza ninakwenda kwa nani. Nikamwambia kwa mwanangu, amepata mtoto, sasa ana miezi mitatu.

"Umembebea mtoto nini?"

"Njugu."

"Mtoto wa miezi mitatu atakula njugu na ufizi? Na mamake je?"

Ukweli ni kwamba sikuwa nimemfikiria Njeri hata mara moja. Nilikuwa nimemfikiria Enos, na jina, na mimi mwenyewe.

"Wewe mzee," akasema, "unaenda kwa mama anayenyonyesha na uso kama wa polisi." Akafungua mzigo mmojawapo, akanichotea unga wa wimbi katika mfuko. "Huu ni wa uji. Sema umeutoa kwako. Ukisema umepewa na mwanamke barabarani utaleta maneno."

Mshipi ulikuja, lakini tulifika Nakuru jua limezama na dereva akasema haendi mbele. Nililala kwenye chumba cha wageni cha pale pale stendi. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo na kioo. Kioo sikukihitaji.

Katikati ya jiji

Tulishuka Nairobi Ijumaa saa nne asubuhi. Mama wa wimbi alishukia Kinungi, na nilishangaa jinsi nilivyomkosa. Katika watu wote waliokuwa wakinipita kwa kasi, hakukuwa na hata mmoja aliyejua kwamba nina gunia la njugu na kwamba uso wangu ni kama wa polisi.

Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi jengo la kampuni ya Enos. Nilitembea nikiuliza. Wachuuzi walikuwa wakinyoosha mkono bila kuacha kuuza: "Nyoosha mzee, ukiona benki kata kushoto, soksi tatu unanunua?" Benki zilikuwa kila kona. Nilikata kushoto mara nyingi mno.

Mlangoni mwa jengo alikuwapo askari, mwanamke wa makamo, na daftari kubwa la wageni.

"Andika hapa mzee. Jina, kitambulisho, unaenda wapi, sababu ya kuja."

Nikaandika yote isipokuwa la mwisho. Kalamu ilisimama. Akainama kutazama.

"Sababu."

"Ni jambo la binafsi."

"Binafsi gani? Wote wanaoenda huko juu sixi ni lifti zao zimekwama. Wewe andika lifti tu."

Nikaandika lifti.

"Na utapanda ngazi," akaongeza, akicheka na mwenzake. "Yetu imekufa tangu Jumanne. Mafundi wako juu, lifti iko chini, hakuna anayemsalimia mwenzake."

Nilipumzika kila ghorofa. Ghorofa ya sita nilimkuta kijana mmoja akila mandazi juu ya meza yenye nyaya. Jina lake Brayo. Nikamwambia ninamtafuta Enos.

"Eno? Yuko kazi Parklands leo." Akaacha kutafuna. "Ala! Mzee, mnafanana mpaka inaogopesha. Ningeapa wewe ni babake, ni vile tu babake alishaenda mbele za Bwana."

"Nani alikwambia?"

"Eno mwenyewe. Tulikuwa tunaongea mambo ya wazazi, akasema wa kwake wote wameenda. Wewe ni nani wake?"

Hapo ningesema ukweli. Mtu aliyesimama kanisani akasoma jina la mwanawe bila kutetemeka angeweza kusema maneno matatu mbele ya kijana mwenye mandazi. Nikasema, "Mimi ni amu yake."

"Ndio maana! Karibu amu. Ngoja nimpigie." Akaweka simu mezani ikawa inasikika chumba kizima. "Eno, niaje? Amu yako yuko hapa ofisi."

Sauti ya mwanangu ikaja, na nyuma yake mlio wa nyundo. "Amu gani?"

"Mzee mrefu. Ako na kofia. Ako na kagunia."

Nyundo ikanyamaza. Ndugu zangu wote wamekufa na Enos anajua walipolala.

"Mimi sina amu," akasema.

Brayo akanitazama. Mimi nikatazama gunia. Kisha Enos akasema tena, polepole, "Mwambie niko zile fleti za Parklands. Namaliza saa nane." Akakata. Hakusema nije wala nisije.

Parklands

Brayo alinichorea njia nyuma ya risiti. Alitaka nipande gari, lakini nilitaka kutembea ili nipange maneno. Nilikuwa nimeyabeba maneno makali tangu Mbale. Nilipofika Ngara nilikuwa nimeyatupa karibu yote, kwa sababu yalikuwa ya mtu aliye hai, na mimi kule ghorofa ya sita nilikuwa nimekubali kuwa maiti bila kubishana.

Mvua ikaanza pale nilipoingia Parklands. Haikuwa ya kusubiri. Nilijibanza chini ya lango la hekalu la Wahindu, na mzee mmoja wa rika langu, mwembamba, mwenye mwavuli, akatoka akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Ingia ndani baba, hapo utalowa. Vua tu viatu."

Nilikuwa sijawahi kuingia mahali kama pale, na mzee wa kanisa aliyemo ndani yangu akashtuka. Lakini soksi zilikuwa zimelowa na njaa ilikuwa imenishika tangu Nakuru. Alinikalisha ukumbi wa pembeni ambapo watu wanakula, akaniletea sahani ya chuma yenye dengu, wali na chapati nyembamba kama karatasi. Nikainamisha kichwa nikaomba. Akasubiri nimalize. Kisha akakaa upande wa pili akaniuliza nimetoka wapi, nina watoto wangapi, wako wapi. Alipofika kwa Enos nilisema, "Huyo ana mtoto mwenye jina langu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

"Hongera sana!" akasema.

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba si jambo la hongera, nikauona uso wake umefurahi kweli, nikaufunga.

"Mimi wajukuu ni sita," akasema. "Wote wako Kanada. Wananiona kwa simu, wananipungia mkono. Wakiondoka kwenye kioo sijui yupi alikuwa yupi." Akaniongezea dengu. "Kula baba. Mvua bado."

Nilikula. Ilikuwa tamu, na mtu alikuwa ananisikiliza, na sikutazama saa. Nilipoitazama ilikuwa saa nane na robo. Nikamshukuru nikakimbia, ikiwa kutembea kwangu kunaweza kuitwa kukimbia, na fleti zenyewe zilikuwa mbali kuliko risiti ilivyoonyesha.

Mlinzi wa geti alikuwa anafagia maji.

"Fundi wa lifti? Ametoka sasa hivi tu, hata dakika tano haijaisha. Wewe ndiye alikuwa anangoja? Alisimama hapo hapo karibu nusu saa anaangalia barabara. Nikamwambia kaa ndani usinyeshewe, akakataa."

Nilisimama pale alipokuwa amesimama. Barabara ilikuwa na magari ya watu binafsi yakirusha maji. Mwanangu alikuwa ameningoja nusu saa kwenye mvua, na mimi nilikuwa naongezewa dengu.

Uthiru

Kutoka pale nilipanda gari la Waiyaki Way, nikashushwa upande usio wangu wa barabara, nikavuka kwa daraja la miguu nikiwa nimeshika chuma kwa mikono miwili. Nikauliza ploti ya Mzee Kariuki. Huyo ndiye babake Njeri, mtu wa Uthiru tangu enzi za mashamba. Enos na Njeri wanakaa kwenye mojawapo ya nyumba zake za kupangisha, ya mwisho, yenye mlango wa buluu. Ilikuwa kama saa kumi na moja.

Njeri alifungua akiwa na mtoto begani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila namna ya uso isipokuwa ule aliokuwa nao, wa mtu aliyekuwa akinitazamia.

"Karibu Baba. Enos alipiga simu akasema unakuja. Hakusema utakuja umelowa hivi."

Mnajua kwetu baba mkwe hasogei karibu na mke wa mwanawe. Nikabaki mlangoni. Yeye akaleta kiti akakiweka palepale kizingitini, nusu ndani nusu nje, na taulo juu yake. Nikajua Mama Enos alimfundisha. Nikampa njugu na unga wa wimbi. Nilitaka kusema nimeutoa kwangu, nikasema, "Huu nilipewa na mama mmoja njiani. Mimi mwenyewe sikukumbuka kukuletea kitu."

Akacheka. "Asante kwa huyo mama."

Kisha akamgeuza mtoto anitazame. "Kisia, ona nani amekuja. Ni wewe mwenyewe umekuja, umekuwa mzee."

Mtoto ana paji la uso la Mama Enos. Alinikodolea macho, na mimi nikasema nililolileta kutoka Mbale, ingawa kwa sauti ambayo sikuwa nimeipanga. "Njeri, kwa nini mmempa jina langu?"

Akashangaa. "Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babake mume. Hilo hata haliulizwi. Wa pili ndiye wa babangu."

"Hata baada ya nilivyokutendea?"

Alimpangusa mtoto mdomo. "Usidhani nimesahau, Baba. Lile benchi nalikumbuka hata misumari yake. Nimeombea jambo hilo mpaka nikachoka, siku nyingine linatoka, siku nyingine limerudi. Lakini jina halipewi mtu kwa sababu ni mzuri. Wewe ni babake Enos. Ningempa la nani?"

Rafiki zangu, hapo ndipo ningenyamaza. Nilikuwa nimepewa heshima na mtu niliyemwaibisha, na kazi yangu ilikuwa kuipokea. Lakini nilikuwa nimesafiri siku mbili na mzigo huo kifuani, nikautua. Nikamweleza desturi yetu. Nikamwambia kwamba kwetu jina hilo halimheshimu mzee aliye hai, linamzika.

Njeri aliacha kumbembeleza mtoto. "Mungu wangu. Mimi sikujua."

"Hukuweza kujua."

"Lakini Enos…" akasema, na macho yake yakapita juu ya kofia yangu.

Enos alikuwa amesimama nyuma yangu uani, na mkoba wa vyuma. Sijui alikuwa amefika lini. Amekonda, na ndevu zake zina mvi mbili tatu ambazo mamake angezitania.

"Wewe ulijua?" Njeri akamuuliza.

"Shikamoo Baba," Enos akaniambia mimi.

"Enos. Nilikuuliza, nikasema tumwite Kisia, ukasema sawa. Nikakushukuru. Niliwaambia mpaka akina mama wa kanisa kwamba mume wangu amesamehe. Ulijua ni nini unasema?"

Enos alipita kando ya kiti changu, akaweka mkoba chini, akaanza kupanga bisibisi zake kwa ukubwa kama mtu aliyetumwa. Njeri akaingia chumbani na mtoto akafunga mlango. Haukupigwa, ulifungwa taratibu.

Nilikuwa nimekuja kumzuia mtu asinizike, na kwa dakika kumi nilikuwa nimeweka ufa katika nyumba ya watu waliokuwa wakiomba pamoja kila jioni. Miaka minne iliyopita nilifanya hivyo nikiwa na kitabu cha kanisa mkononi. Safari hii sikuhitaji hata kitabu.

"Nitarudi kesho asubuhi," nikamwambia Enos.

"Utarudi vipi na Jumapili ndiyo uliyoijia?" Hakuinua macho. "Kaa. Umeshafika."

Jumamosi, palepale

Baba halali kwa mwanawe aliyeoa, kwa hiyo nililala kwa Mzee Kariuki, mtu ambaye harusi ya bintiye niliikataa. Alinipa blanketi mbili na chumba chenye dirisha la barabarani. Asubuhi alinionyesha ng'ombe wake mmoja aliyebaki, katikati ya ghorofa za watu, akaniambia umri wake na jina la mama yake. Juu ya harusi hakusema neno. Ningependa angesema.

Mchana kutwa nilikaa kwenye kiti changu cha kizingitini. Njeri aliniletea uji wa wimbi, na adhuhuri ugali na mrenda ulioungwa kwa maziwa vilevile kama wa Mama Enos. Yeye na Enos walisemezana kwa adabu ya watu wa ofisini: chumvi iko wapi, asante, mtoto amelala. Watu hao wanaishi kwenye vyumba viwili. Sauti pekee ya kawaida ilikuwa ya mtoto.

Jioni Enos alitoka akachuchumaa ukutani karibu nami.

"Enos," nikasema, "nilikosa. Nilikosa kanisani, nikakosa zaidi niliposikia habari ya mimba nikasema nililosema. Mamako alikwambia?"

"Aliniambia."

"Naomba unisamehe."

Taa za ploti zikawashwa.

"Baba, bado," akasema. "Nikisema nimesamehe leo, nitakuwa nimesema uongo, na kesho nasimama madhabahuni. Neno hilo mimi naliomba. Naomba kila siku. Halijafika."

"Na jina?"

"Alipolitaja Njeri nilisikia vizuri. Yeye alikuwa anakupa mtoto. Mimi nikasema moyoni, afadhali, limpate mtoto, maana mwenyewe hayupo tena. Nikakubali, nikaona hata sijatenda dhambi." Akajikuna ndevu. "Kisha jana unajiita amu yangu. Nikakungoja pale getini nikawa najiuliza, huyu mtu niliyemzika nina wasiwasi gani akinyeshewa?"

"Nilikuwa nakula dengu kwa Wahindi."

Akageuka akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nifike. "Wewe? Hekaluni?"

"Niliomba kwanza."

Alijaribu kutocheka. Akanyanyuka, akaingia ndani, na nikasikia akigonga mlango wa chumba chake mwenyewe kama mgeni. Nikaondoka kwenda kwa Mzee Kariuki ili nisisikie zaidi. Sikulala mapema. Nilisema, Bwana, kama jina hilo lina hasira ndani, usimwekee mtoto. Na kama halina, basi mtoto alitwae, nami nitakufa kwa wakati wake. Ilikuwa sala yangu ya kwanza kwa miaka mingi ambayo sikujua ninataka nini.

Jumapili

Kanisa lao liko juu ya duka la mbao, na harufu ya mbao inapanda hadi kwenye viti. Niliketi na Mzee Kariuki. Hakuna aliyekuwa ameniambia walichoamua. Njeri alivaa gauni la zambarau na macho yake yalikuwa mekundu, lakini walipoitwa mbele alimpa Enos mtoto ambebe yeye, na nilipoona jinsi alivyonyoosha kola ya shati la mumewe kabla ya kupanda, nikajua kwamba chumbani mle wamezungumza.

Pasta, kijana wa rika la Enos, aliwauliza maswali ya kawaida kuhusu kumlea mtoto katika njia ya Bwana. Wakajibu. Kisha akasema, "Baba, lipe kanisa jina la mtoto huyu."

Enos akampandisha mtoto begani. Akina mama mstari wa mbele walikuwa wamekwisha kuanza kutabasamu, kwa sababu jina walilijua.

"Anaitwa Mudaki," akasema.

Mnong'ono ukapita ukumbini. Mzee Kariuki akaniinamia. "Mudaki ni nani?"

"Babangu," nikasema. "Alikufa zamani."

"Kwetu hii haiko," akanong'ona, akatikisa kichwa. "Mmeniharibia hesabu yote." Lakini alipiga makofi na wengine.

Baadaye uani palikuwa na chapati, nyama na viazi, na watu wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine. Enos aliwaambia wote, "Huyu ni babangu." Brayo alikuwapo na mandazi yake. Aliposikia hivyo alisimama, akanitazama, akamtazama Enos, akasema, "Eno, si ulituambia…" Enos akamjazia sahani akamwambia ale.

Njeri alinipitia na sufuria. "Baba, nimeshindwa na nyinyi watu wa magharibi. Lakini wa pili akiwa wa kiume ni Kariuki. Hapo msiniguse."

"Hatukugusi, mama."

Enos alikuja akaketi karibu nami tulipobaki wachache. Alikuwa anamenyea mtoto ndizi ambayo mtoto hawezi kula.

"Sijamaliza mambo yangu na wewe," akasema. "Usidhani yameisha."

"Sidhani."

"Ila siwezi kuendelea kumzika mtu aliyekula chapati nne."

Kurudi

Jumatatu hakukuwa na kuharibika wala mvua, na karibu yangu palikuwa na kiti kitupu mpaka Nakuru. Nilifika Mbale mchana, nikafungua nyumba, nikawasha moto, nikagundua nimepika ugali wa watu wawili, kosa ambalo nilikuwa nimeacha kulitenda tangu mwaka wa pili wa upweke wangu.

Mmoja wenu aliniuliza jana kama sasa nina wajina Nairobi. Sina. Jina langu nimerudi nalo lote, na hapa nyumbani hakuna wa kuniita kwalo isipokuwa nyinyi. Mwingine aliuliza kama tumepatana. Sijui niseme nini, kwa hiyo nitawaambia linalotokea. Kila Jumapili baada ya ibada yao Enos hupiga simu. Huniuliza nimekula nini, nami humwambia. Mimi humuuliza habari za mtoto, naye huniambia. Kisha maneno huisha, tunanyamaza wote wawili, nasikia sufuria za Njeri na kuku wangu pamoja, na hakuna kati yetu anayekata simu.